Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Kaburi langu liko nyuma ya nyumba ya mama, upande wa bafu, hatua kama kumi kutoka ukutani. Nimelisogelea mara mbili. Ndani yake kuna shati langu la kazi, lile la kaki lenye mfuko uliochanika, na kuna mgomba. Mimi mwenyewe niko hapa Nyakato, Musoma mjini, nasukuma mkokoteni. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo anayesoma anivumilie nikikosea.

Kwetu ni kule rasini, ukitoka Makoko unafuata ziwa mpaka barabara inabaki njia ya ng'ombe. Kwetu mtu akipotelea majini na mwili usionekane haachwi hivi hivi. Unatafutwa mgomba wa urefu wa mtu, unakatwa juu na unakatwa chini, unavalishwa nguo yake, unaliliwa, unazikwa. Basi, amezikwa. Na ikitokea kwamba alikuwa hajafa, siku akirudi hapiti mlangoni, kwa sababu mlangoni alishatolewa. Ukuta wa nyuma unatobolewa kutokea ndani, na yule aliyemlilia wa kwanza anakaa humo ndani anauliza, "Nani?" Anauliza mara tatu. Wa nje anajibu jina lake mara tatu, anaambiwa pita, anapita kwa magoti. Tobo linazibwa, watu wanakula kondoo. Haya nimeyajua tangu mtoto kama ninavyowajua samaki wetu, furu na sangara, kwa hiyo siwezi kujifanya sikujua nilichokuwa nafanya.

Majina ya walionifikisha huko sitaandika. Wenyewe wanajijua.

Wa kwanza ni baba mdogo. Baba yangu alipofariki aliniacha na mama, na dada yangu, na shamba la pamba. Ilikuwa miaka mibaya. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Sukari unapanga foleni tangu alfajiri, ukifika dirishani unaambiwa imebaki ya viongozi. Pamba tukipeleka inalala ghalani mpaka panya wanazalia humo. Baba mdogo akaniita akaniambia, "Wewe mura, kijana mzima, nguvu zote hizo unazimalizia hapa? Nenda Bunda, jinari wanachukua watu. Shamba nitakuangalizia." Aliliangalia kweli. Analiangalia mpaka leo.

Siku naondoka nilimwambia mama nitarudi na mabati. Nyumba yake ilikuwa ya nyasi na ilikuwa inavuja pale anapolala. Akacheka, akasema, "Haya baba, mimi nasubiri." Aliniitaga baba kwa sababu nina jina la baba yake.

Jinari ni kiwanda cha kuchambua pamba. Watu wanaona marobota meupe yanapakiwa kwenye lori wanadhani ni kazi safi. Ndani kuna vumbi, mtu wa tatu mbele yako humuoni, na jioni unakohoa unatoa manyoya ya pamba kama paka. Nyapara wetu, huyu naye nimwandike hapa, alikuwa na dawa ya kifua. Dawa yenyewe bangi. "Vuta, ifungue mapafu," anasema. Mwanzo alitoa bure. Yeye alijua mtu aliyevuta hasikii uchovu, anasukuma robota zamu mbili bila kuuliza. Akija bosi kukagua tunasifiwa sisi, anapandishwa cheo yeye.

Hapo ndipo nilimpata rafiki yangu. Kwao Butiama. Alikuwa mrefu, mkono wake wa kushoto una kovu la kuungua na mashine, na yeye kila mtu alikuwa anamwita shemeji. Ukimuuliza umemwoa dada yake gani, anasema, "Bado, lakini ninao wengi, usikate tamaa." Tulikula sahani moja. Tulivuta msokoto mmoja. Gongo tulianza siku moja.

Halafu ikaja ruksa, serikali ikalegeza biashara. Mitumba ruksa, kununua pamba ruksa, na kufunga jinari nayo ikawa ruksa. Malori ya wafanyabiashara yakawa yanafuata pamba shambani kwa mkulima na kuipeleka kwingine, sisi tunayaangalia yanapita. Mashine zikasimama. Tukapangwa mstari uwanjani, tukaambiwa twende nyumbani tutaitwa. Mpaka leo sijaitwa.

Hapo ningerudi kwetu. Nauli nilikuwa nayo. Lakini nirudi na nini? Mama ameshawaambia kanisani kwamba mwanawe analeta mabati. Basi nikamfuata rafiki yangu Buhemba kwenye dhahabu, tukakaa kama mwezi tunachimba shimo la mtu mwingine, tukatoka na vidonda. Kutoka hapo tukaangukia Musoma mjini, kwenye bustani.

Ile bustani ilijengwa kwa ajili ya watu wa kupiga picha Jumapili. Ilikuwa na uzio wa chuma na viti vya saruji na mikrismasi, na katikati bakuli kubwa la saruji la kurushia maji juu. Tulipofika sisi, uzio ulishauzwa kama chuma chakavu na bakuli lilikuwa kavu, limejaa majani na mavi ya korongo. Humo ndimo nilikuwaga nalala, mchana na usiku. Kuta zake zinafika kiunoni, ukilala chali anayepita barabarani hakuoni. Wengine walilala kwenye viti, wengine nyuma ya choo. Mtunza bustani hakutufukuza. Tulimfagilia majani, tukamchotea maji ya maua, yeye akalala kivulini.

Pembeni mwa barabara, chini ya turubai, alikaa fundi viatu. Huyu namtaja kwa roho yangu yote. Viatu vya mitumba vilikuwa vinakuja vimeachama midomo, kwa hiyo alikuwa na gundi ya kutosha, kopo zima. Alikuwa anatutilia kwenye vichupa vya dawa ya sindano. Alituita wagonjwa wake. "Mgonjwa wangu, umeamkaje? Leo unapata dozi?" Na sisi tunacheka, tunasema ndiyo dokta. Malipo yake tulikuwa tunashuka ziwani pale watu wanapooga, tunasubiri mtu apake sabuni usoni, tunaondoka na viatu vyake. Fundi anavibadilisha soli na rangi, anaviuza. Ameuza viatu kwa mwenyewe aliyeibiwa, na mwenyewe akamshukuru kwamba bei yake nzuri.

Watu wanadhani gundi inatia raha. Haitii. Inaondoa. Unaweka kichupa puani, njaa inaondoka, baridi inaondoka, mabati ya mama yanaondoka. Kichwani kunabaki mlio kama wa jinari ikiwa inafanya kazi. Ukizinduka vyote vinarudi, kwa hiyo unaona afadhali usizinduke. Nilikaa hivyo mpaka nguo zikaniozea mwilini. Lile shati la kaki ndilo lilibaki zima, nililitunza chini ya kichwa, sijui kwa nini.

Siku moja nilikuwa nakinga maji kwenye bomba la soko. Mama mmoja wa kijijini kwetu, muuza dagaa, akaweka beseni lake chini akaniangalia.

"Jamani, wewe si mtoto wa kwetu?"

"Umenifananisha mama."

"Nimekufananisha? Masikio hayo ya babu yako nitayafananisha na nani?" Akanitazama miguu, akanitazama mdomo uliokuwa na vidonda vya gundi. "Mama yako anajua uko hivi? Kesho kutwa narudi nyumbani. Namwambia akufuate."

Nilirudi bustanini mbio. Nikamweleza rafiki yangu. Alikuwa ameshavuta, akacheka kwanza.

"Shemeji, tatizo lako dogo. Kufa."

"Nife?"

"Mtu akifa hatafutwi. Nipe hilo shati."

Nikampa. Ndiyo, nilimpa kwa mkono wangu, na mimi nikiwa nacheka. Kesho yake akaenda sokoni na shati la kaki na viatu fulani vya wizi, akamwambia yule mama wa dagaa, "Yule ndugu yako uliyemwona, jana aliingia ziwani kuoga hakutoka. Tumeona hivi tu." Na alilia. Alirudi akanionyesha alivyolia, mpaka fundi viatu akapiga makofi. Nilijua nini kinafuata kwetu. Nilijua kuna mgomba utazikwa. Nilimwona mama kichwani mwangu akipiga yowe, nikaweka kichupa puani, akaondoka.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa na dada baadaye. Kwa desturi yetu huwezi kuzika mgomba siku hiyo hiyo. Lazima ndugu waende pale majini alipozamia, waulize watu wa ufukweni, walale siku kadhaa wakisubiri ziwa limrudishe. Wangekuja Musoma kuuliza wangeambiwa hakuna aliyezama. Baba mdogo alikataa. Alisema shati tumeliona, viatu tumeviona, mnataka nini tena? Kesho yake kukazikwa. Na wanaotakiwa kukata mgomba ni wapwa, nao walikuwa hawajafika. Basi akachukua jembe mwenyewe, akaenda pale bafuni ambapo mama alipanda migomba ili inywe maji ya kuogea, akang'oa mmoja mzima mzima na kitako chake na mizizi. Wamama wakamwambia, "Kata chini, haukatwi juu tu." Akajibu, "Mgomba ni mgomba." Wiki haikuisha akawa amehamishia uzio wake kwenye shamba la baba yangu.

Mvua zilipokuja, kaburi likachipua.

Mama alikuja bustanini mchana, jua kali. Nilimwona tangu anavuka barabara, na kikapu chake, na kitenge cha kanisani. Nilijitupa kwenye bakuli nikajifunika gunia. Kichupa kilikuwa mkononi. Nilisikia kila neno.

"Shikamoo mama," sauti ya rafiki yangu.

"Marahaba baba. Wewe ndiye ulileta shati?"

"Ndiyo mimi mama. Pole sana."

"Mwili uliuona?"

"Viatu mama. Viatu tuliviona."

"Sijakuuliza viatu."

Fundi viatu akaingilia kutoka kwenye turubai lake. "Mama, hapa wanakufa wengi. Wa kwako ni yupi?"

"Wa kwangu amechipua."

Watu wakacheka. Nasikia mmoja anarudia, amechipua! Mama akatoa kitu kwenye kikapu, baadaye niliambiwa ni jani la mgomba, changa, bado limejikunja. "Jani lake hili hapa. Shemeji yangu, baba yake mdogo, amelikata mara tatu, linarudi."

"Mama yangu, mgomba ukiuzika na mizizi lazima uote," fundi akasema. "Hata hapa bustanini utaota. Sasa na hilo ni la kutembea na kikapu mpaka mjini?"

"Wewe mtoto, mimi nimepanda migomba kabla hujazaliwa. Najua kwa nini umeota. Ninachouliza ni kwa nini ulizikwa na mizizi. Mtu anazikwa mbio mbio hivyo, hata mgomba hawajaukata vizuri, kwani aliyezika alikuwa anakimbilia nini?"

Hakuna aliyecheka tena. Halafu mama akapandisha sauti, akawa kama haongei na wao. Alisema, "Kama yupo, aambiwe ukuta nimeshautoboa. Wa nyuma, upande wa bafu. Nimetundika mkeka tu. Shemeji yangu ananiita kichaa, mbu wananimaliza, lakini siuzibi. Aje na nguo hizo hizo alizonazo. Na mabati simdai, aambiwe. Mabati sitaki."

Nikasikia kandambili zake zinakuja upande wangu. Zikasimama karibu na bakuli. Niliona kivuli chake kupitia matundu ya gunia.

"Nani huyu?" akauliza.

Hakuuliza kwa sauti. Aliuliza kama mtu anayegonga nyumba yenye mgonjwa.

Rafiki yangu akawahi, "Huyo mama ana homa tu. Halafu bubu."

"Nani?" akauliza tena.

Nilikuwa na jina. Jina la baba yake. Lilifika mpaka kwenye meno. Lakini nilikuwa nimejinyea, nikisema kweli, na pua yangu imeganda gundi, na nikafikiri ataninusa kabla hajaniona. Nikavuta kichupa kimya kimya ndani ya gunia. Mlio wa jinari ukaanza.

Mara ya tatu hakuuliza. Sijui kwa nini hakulifunua lile gunia. Nimejiuliza kwa miaka. Nafikiri aliogopa kukuta siye. Au aliogopa kukuta ndiye. Aliweka kifurushi juu ya ukuta wa bakuli akaondoka, na nilisikia zile kandambili mpaka barabarani.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukausha. Tulikula sisi wawili. Rafiki yangu, mtu wa kuchekea kila kitu, hakucheka. Akasema, "Shemeji, hajafika mbali. Mkimbilie." Nikamwambia kesho.

Kesho hiyo ilikaa zaidi ya mwaka.

Rafiki yangu alikufa asubuhi, juu ya kiti cha saruji, watu wakienda makazini. Kifua. Lile vumbi la jinari na gundi na baridi ya ziwa. Mtunza bustani alimfunika na gunia, akasema watu wa mji watakuja na gari wamchukue wakamzike makaburi ya wasio na ndugu. Fundi viatu alisogeza turubai lake kidogo, wateja wasione. Mimi nilipanda lori la mchanga nikaenda Butiama. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nafikiri ni kwa sababu yeye alikuwa amepeleka msiba wangu wa uongo, nikaona angalau wa kwake uwe wa kweli.

Baba yake alikuwa mzee mfupi, mkali, nilimkuta anakamua ng'ombe. Hakusimama.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna mzee. Nimekuja mwenyewe."

"Umevuta nini?"

"Gundi."

"Sasa mtu wa gundi nimwamini vipi? Mwanangu ana alama gani?"

"Kovu mkono wa kushoto."

"Hilo silijui. Ametoka hapa hana kovu. Nyingine?"

Nikafikiri. "Kidole kidogo cha mguu wa kulia hakina ukucha."

Aliacha kukamua. Lakini hakumruhusu mtu kulia. Mama yao alianza, akamwambia nyamaza, hatulii maneno, tunalia mtu. Akaniweka mbele, tukaja Musoma na ndugu zake wawili, akakuta mwili chumba cha maiti, akaomba aonyeshwe mguu. Akautazama. Ndipo akalia. Mimi nikasimama pale mlangoni nikayaona yote ambayo baba mdogo hakuyafanya kwangu, na ambayo yangechukua nusu siku tu.

Baada ya mazishi mzee akaniuliza, "Wewe huna kwenu?"

"Ninako."

"Sasa mbona uko hapa?"

Nikamweleza. Yote, mpaka gunia. Hakunipa pole. Akanipa jembe. "Lima kwanza. Hivyo ulivyo hata akikufungulia utamwangukia." Siku za mwanzo nilitapika, nikaona wadudu kwenye ukuta, nikamtukana mzee matusi ambayo siwezi kuandika. Alinifungia chumba cha mbuzi. Hakunipiga. Nilipopoa nikalima. Mtama ukaota, ukapaliliwa, ukakomaa, na mimi nikaacha gundi. Ndivyo ilivyokuwa, hakuna dawa nyingine niliyopewa.

Sasa hapa ndipo nataka nijitaje mwenyewe, kwa sababu wengine wote nimewataja. Miezi mitatu baada ya kufika Butiama nilikuwa mzima. Ningeweza kwenda. Mzee mwenyewe aliniambia nenda. Mimi nikasema mpaka nipate kondoo, kwa sababu desturi inataka kondoo, na siwezi kuingia kwa mama mikono mitupu, mabati hakuna na kondoo hakuna. Yeye alisema hataki mabati. Alisema nije na nguo nilizonazo. Mimi nikang'ang'ania kondoo. Nikalima msimu mzima kwa ajili ya kondoo.

Mzee akanipa jike jeupe. Nikamswaga kwa miguu kutoka Butiama mpaka Musoma, nikalala kwa watu njiani, nikapita Makoko na ziwa mkono wa kulia, nikafika kwetu mchana. Nilizunguka nyuma moja kwa moja, upande wa bafu, kama nilivyoagizwa.

Mkeka haukuwepo. Palikuwa na kiraka cha udongo, chekundu kuliko ukuta. Na pembeni, kwenye kaburi langu, migomba minne imesimama, mmoja una mkungu.

Dada yangu ndiye alitoka kwanza, akapiga kelele, akaanguka chini. Mama alikuwa amekufa miezi miwili nyuma. Dada anasema ni malaria. Mimi najua mbu walipitia wapi.

Baba mdogo akaja na fimbo. Alinitambua, macho yalionyesha, lakini akauliza, "Wewe nani?"

"Unanijua baba."

"Ninayemjua kaburi lake lile pale. Kila mtu anapata moja, mwanangu. Wewe unataka mangapi?"

"Nataka kufunguliwa. Kondoo ninaye."

"Akufungulie nani? Aliyekulilia wa kwanza ni mama yako. Kamwambie akufungulie." Akaniambia alilikandika tobo siku ile ile mama alipozikwa, na kwamba asiyefunguliwa hana kwao, hana shamba, haingii uwanjani. Kondoo akamchukua. Alisema atakuwa wa matanga ya mama.

Ningeweza kuvunja ule ukuta kwa teke. Kiraka kilikuwa hakijashikana vizuri na ukuta. Lakini kutokea nje anavunja mwizi, na mwizi nilishakuwa vya kutosha.

Nikaja Nyakato. Miaka imepita mingi, nywele zimeanza kuwa nyeupe. Ile bustani wameweka uzio mpya, yule fundi ana duka la viatu na ni mzee wa kanisa, ananisalimia. Dada yangu ameolewa kijiji cha jirani. Akija mjini ananiletea mkungu kutoka kaburini kwangu, kwa sababu kule hakuna anayethubutu kula ndizi zile. Mimi nakula. Ni tamu.

Mwaka juzi, masika, akanipigia simu. "Kaka, kiraka kimeanguka chenyewe. Na baba mdogo wamemlaza hospitali Musoma. Njoo leo."

Nilikwenda. Nilipita nyuma, kati ya migomba. Tobo lilikuwa wazi, la ukubwa wa mtu anayetambaa. Nikachutama nikaangalia ndani. Niliona mahali pa kitanda cha mama. Niliona mafiga matatu, na kwenye kigingi bado imening'inia kamba ya ule mkeka. Dada alikuwa amepotea, nikadhani ameenda kuchota maji.

"Nani?"

Sauti ilitoka ndani, gizani upande wa kitanda. Ilikuwa ya mama. Najua ni dada, amezeeka, na sauti ya wanawake wa kwetu inashuka wakizeeka. Lakini ilikuwa ya mama, na iliuliza vile vile, kama mtu anayegonga nyumba yenye mgonjwa.

Nilifungua mdomo.

"Nani?" akauliza tena.

Nilikuwa nimeoga. Nilikuwa na shati safi, viatu vyangu mwenyewe, pua yangu kavu. Hakukuwa na gunia juu yangu. Na jina halikutoka. Nilisikia kandambili zinakwenda barabarani.

Mara ya tatu aliuliza akiwa analia. Halafu dada akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka, kanga imelowa machozi, hasira tupu.

"Hata mimi unaninyamazia? Nimewauliza wazee, kaka. Wamekubali, wamesema binti anaweza kukaa mahali pa mama yake. Jina lako tu! Mara tatu! Kitu gani kinakushinda?"

Nikamwambia niliulizwa na mama mwenyewe, nikiwa chini ya gunia, na nikanyamaza. Alikuwa hajui habari ya gunia mpaka siku ile. Wote walijua mama alikuja Musoma hakunikuta. Dada akakaa chini kwenye udongo uliolowa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mvua ilikuwa inakuja kutoka ziwani na nyumba ingejaa maji. Nikachukua ndoo, nikachota, tukakanyaga udongo sisi wawili pale karibu na migomba, kama tulivyokuwaga tunakanyaga tukiwa watoto na mama akitutania kwamba tunacheza ngoma badala ya kazi. Dada akaingia ndani. Yeye akapaka kutokea ndani, mimi nikapaka kutokea nje, tunakutana katikati. Mara ya mwisho niliona vidole vyake viwili, halafu kimoja, halafu nikaweka bonge langu hapo.